Fimbo Tisa, Waya Mmoja, na Kusi Inavuma

Ukitoka Kismayo kwa mashua kuelekea kusini, unaviacha ubavuni Fuma, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vijisiwa vingine ambavyo wakazi wake ni ndege na kaa, mpaka unakaribia Ras Kamboni na mpaka wa Kenya. Mvuvi wa Kibajuni anaviona visiwa hivyo na kuwaza changu na kamba. Mridhaa wa redio, yule mtu anayependa kuzungumza na dunia kwa wati mia moja na kipande cha waya, anaviona na mate yanamtoka. Somalia, yenye alama za wito zinazoanza kwa T5 au 6O, husikika hewani kwa nadra. Kisiwa cha Somalia ni nadra ndani ya nadra. Tangu Mwingereza Geoff Watts aanzishe mpango wa kuwinda visiwa hewani mwaka 1964, wapo watu wazima, wenye wajukuu, wanaoamka saa tisa usiku kutafuta kisiwa ambacho hawawezi kukitamka. Unguja wameshaipata zamani, ina nambari yake AF-032. Wanataka kingine.

Tatizo ni kwamba mti mrefu, ukiwepo kisiwani, hauoti pale unapotaka kutundika waya. Kwa hiyo unakuja na wako, uliokunjwa, unaopita mlango wa ndege na usiomkera nahodha. Madukani fimbo za kukunjua zimejaa za kila namna, na kila muuzaji anaapa yake ndiyo. Hii hapa orodha yangu, kuanzia ya kutupa hadi ya kununua. Baadhi si fimbo kabisa. Orodha ni yangu na nimejipa ruhusa.

Hesabu moja tu kabla hatujaanza: gawa 71 kwa megahezi, jibu ni urefu wa robo ya wimbi kwa mita. Megahezi 14 zinataka mita 5. Megahezi 21 zinataka 3.4. Megahezi 28, mita 2 na nusu. Megahezi 7 ndizo zenye njaa: mita 10. Usinunue mita usizozihitaji, maana upepo wa kusi hutoza kila mita.

Na kabla ya fimbo, karatasi. Leseni ya mawasiliano hutoka Mogadishu, kwenye Mamlaka ya Kitaifa ya Mawasiliano; kisha kuna wakubwa wa Kismayo; kisha wazee wa kisiwa chenyewe, ambao ndio muhimu kuliko wote. Askari akikukuta ufukweni na fimbo ya mita saba, waya na vipokea sauti masikioni, hatawaza uraibu. Wazee hawatashangaa sana. Dola ilipoanguka mwaka 1991 na simu zikafa, ni redio za taar, waya umetundikwa juu ya paa au mti, zilizobeba salamu za jamaa na habari za hawala kati ya miji ya Somalia na kambi za Dadaab. Ukisema "ni kama taar, ila sisi tunaongea na tusiowajua, bure," watakuelewa. Watakuonea huruma, lakini watakuelewa.

Haya, tushuke.

9. Fimbo ya kujipigia picha

Kuna anayeuliza. Kila mara kuna anayeuliza. Hapana.

8. Fimbo ya kaboni

Nzuri kutazama, nyepesi, nyeusi, na ina bei ya mahari. Muuzaji atakuambia ni bora kuliko faiba ya kioo, na kwa mvuvi huenda ni kweli. Kwetu sisi ina kasoro moja: kaboni inapitisha umeme. Ukipandisha waya sambamba na fimbo inayopitisha umeme, umepandisha antena mbili zinazogombana, na redio yako ndiyo mwamuzi anayepigwa mawe. Ikigusa nyaya za umeme, au radi ikiwa karibu, ugomvi unahamia kwako mwenyewe.

Usidanganywe na rangi. Kuna fimbo nyeusi ambazo ni faiba tupu, na kuna za rangi ya kijani zenye kaboni ndani. Chukua mita ya kupimia umeme, gusa ncha zake mbili kwenye ukingo uliokatwa chini ya kipande, si kwenye ubavu uliopakwa vanishi. Sindano ikicheza, rudisha. Muuzaji akikataa usipime, ameshakujibu.

7. Fimbo ya mpaka rangi, ya aluminiamu

Ipo kila duka la vifaa vya ujenzi, Mombasa hadi Kismayo, na mtu huiona akasema: "Mbona hii rahisi?" Ni rahisi kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya kuta, na kuta hazivumi. Nayo pia inapitisha umeme, ingawa hapa kuna ujanja: badala ya kuifanya mlingoti, ifanye yenyewe antena. Iweke juu ya chupa ya kioo au kipande cha mbao kikavu, iunganishe na redio, na mita zake tatu na ushei zitakufaa kwa megahezi 21.

Kwa siku mbili. Siku ya tatu chumvi imeshaingia kwenye kufuli za kuzungusha, mchanga umefuata, na fimbo yako ya kukunjua imekuwa fimbo. Utasafiri nayo hivyo hivyo, imenyooka, na kila abiria wa mashua atakuwa na maoni.

6. Paipu za plastiki za maji

Asubuhi zinasimama wima. Saa sita mchana, jua la ikweta likiwa utosini (Kismayo iko chini tu ya mstari), zinainama kwa heshima kama zimemwona Sultani. Kuzichomeka moja ndani ya nyingine kwa ukubwa tofauti inawezekana, na bei yake haina lawama. Tumia vipande vifupi kama vishikizo vya waya. Zaidi ya hapo unajenga bomba.

5. Tiara

Si fimbo, najua. Lakini sikiliza. Mwaka 1901 Guglielmo Marconi alijenga huko Poldhu, Uingereza, duara la milingoti ishirini yenye urefu wa mita sitini kila mmoja. Septemba ikaja dhoruba, ikailaza yote. Desemba 12 mwaka huo huo, akiwa St. John's, Newfoundland, alinyanyua waya wa mita zipatazo 150 kwa tiara, baada ya upepo kumnyang'anya puto, akasema amesikia herufi S kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Wapo wanaobisha mpaka leo kama aliisikia kweli. Milingoti ya fedha nyingi ilianguka. Tiara na waya vilipanda.

Sasa fikiria kusi kwenye visiwa vya Bajuni, upepo unaovuma mfululizo toka upande mmoja siku nzima. Mtoto yeyote wa Chovai atakutengenezea tiara bora kuliko utakayoletewa na posta, na atakuchagulia mkia. Shida ni mbili. Waya unaopaa juu hukusanya umeme wa hewani hata kukiwa hakuna mawingu, na utakukumbusha hivyo kidoleni. Pili, antena inayocheza ngoma hubadilika kila dakika, na redio za kisasa ni za kudeka. Zinapunguza nguvu zikiona kitu zisichokipenda. Tiara ni ya jioni moja ya furaha. Halafu itabidi umrudishie mtoto, na yeye hatazungumzia masafa.

4. Pau na boriti za mikoko

Watu wa mwambao huu walikuwa mabingwa wa nguzo kabla redio haijazaliwa. Mikoko ya mito na hori kutoka Lamu kwenda juu ilikatwa, ikapangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, ikapakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba. Vyumba vya nyumba kongwe za mawe ni vyembamba kwa sababu boriti ndiyo iliyoamua upana wa dari. Mwenye nyumba alipanga urefu tu. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha nguzo hizo nje mwaka 1982, na msitu umeumia vya kutosha, kwa hiyo usifike na panga. Omba iliyokwisha kukatwa, iliyolala kando ya chombo kinachotengenezwa.

Kama mlingoti kamili, pau inashindwa. Haikunjiki, ni nzito, na ikiwa mbichi au imelowa maji ya chumvi inanyonya sehemu ya nguvu ambazo ulitaka ziende Japani. Mwanzi mkavu ni mwepesi zaidi na haupitishi umeme, ila nao hupasuka juani na hupigi hodi kwenye ndege ukiwa na mwanzi wa mita sita.

Lakini pau fupi, mita moja na nusu, iliyopigwa mchangani nusu yake, ndiyo kitako bora cha fimbo yoyote iliyo juu yake kwenye orodha hii. Fimbo inasimama ubavuni mwake, unafunga mahali pawili, kazi imekwisha. Nimesema unafunga. Usitoboe fimbo ya faiba kwa skrubu wala msumari, ufa utaanza hapo hapo na utapanda kama bei ya mchele Ramadhani. Pwani hii iliwahi kushona mitepe, vyombo vizima vya baharini visivyo na msumari hata mmoja, vikavuka mawimbi kwa kamba tupu. Fimbo yako ya gramu mia nane itavumilia mafundo mawili.

Pale mwamba wa matumbawe unapokataa kupokea pau, jaza mchanga viroba vitatu vya mchele, ndivyo vigingi vyako. Utaviacha ufukweni ukiondoka? Mchanga ndio, viroba rudi navyo.

3. Mlingoti wa mashua

Hapa nahodha anacheka, kwa sababu umefunga safari na mizigo yote hiyo kutafuta nguzo, na umefika umekaa chini ya nguzo. Mlingoti wa mti, foromali, henza na gofia vyote viko tayari. Kinachotakiwa ni kufunga waya penye henza, kupandisha, na ncha ya chini kuiacha mbali na kamba zilizolowa. Chombo kikielea, bahari imekuzunguka pande zote, na bahari, kama nitakavyoeleza, ndiyo nusu ya antena.

Kwa nini basi si namba moja? Kwanza, ni chombo cha mtu, na mtu huyo anavua. Huwezi kumwambia nahodha asubiri upige gumzo na Mwitaliano wakati samaki wanapita. Pili, pwani hii maji ya bamvua hupanda na kushuka sana. Ukifunga chombo karibu na ufuko, maji yakipwa kinalala ubavu na antena yako inalala nacho. Sijaona mwongozo wa kitaalamu unaoeleza antena ya nyuzi thelathini inayonuka papa.

Na ukimkuta nahodha aliyekubali, usianze kumfundisha fundo. Hawa ni wavuvi ambao wazee wao walimfunga chazo kamba mkiani, wakamtupa majini akajibandika kwenye kasa, wakawavuta wote wawili. Fimbo yako inayojikunja itawafurahisha kwa adabu tu.

2. Mlingoti mzito wa faiba, mita 12

Huu ndio wenye pesa wanaokuja nao. Mashuhuri ni wa kampuni ya Kijerumani Spiderbeam: mita 12 ukikunjuliwa, karibu mita 1.2 ukikunjwa, kilo tatu na kitu. Kuta zake ni nene, viungo havitelezi ovyo, na mtu mmoja anausimamisha kabla chai haijapoa. Ukiwa na hamu ya megahezi 7, zile mita 10 zinatimia, na ukitaka antena wima ya nusu wimbi kwa megahezi 14, zinatimia pia. Upo hata wa mita 18, ambao ni mzigo wa watu wawili na sababu nzuri ya kupata marafiki.

Nimeuweka wa pili kwa sababu ya bei, ambayo hununua fimbo kadhaa za kuvulia, na kwa sababu ya upepo. Vipande vya juu ni vyembamba kama ilivyo kwa fimbo zote, na wakati wa kusi utahitaji kamba za kushikilia ngazi mbili, tatu kwa kila ngazi, yaani viroba vyako vya mchanga vinaongezeka na mgongo wako unaanza kuuliza maswali. Wakati wa kaskazi, au ule utulivu kati ya pepo mbili, mambo ni mepesi. Mwenye uwezo aununue. Asitutambie.

1. Fimbo ya kuvulia ya faiba, mita 6 au 7, isiyo na pete

Hii hapa. Inauzwa kama kifaa cha kuvulia, haina pete za mshipi, haina mashine, ni vipande sita au saba vinavyotokana kimoja ndani ya kingine. Inakunjwa hadi mita moja na kidogo, uzito wake mara nyingi haufiki kilo. Ukivua kile kijiti cha juu kabisa, ambacho hakibebi hata heshima yake, unabakiwa na mita tano na nusu hivi, na hesabu yetu inataka mita 5 kwa megahezi 14. Megahezi 18, 21, 24 na 28 zote zinaingia ndani ya urefu huo. Jua nalo limekuwa na ukarimu, mzunguko wake wa 25 ulifikia kilele mwaka 2024, na miaka kama hii masafa hayo ya juu ndiyo yanayofika mbali. Mwenye mita tano hana cha kumwonea wivu mwenye mita kumi na nane. Labda usiku.

Sasa bahari. Maji ya chumvi hupitisha umeme maelfu ya mara kuliko mchanga mkavu au mwamba. Antena wima ikiwa ukingoni mwa maji hutupa mawimbi yake chini chini, sambamba na upeo, na hayo ndiyo yanayovuka mabara kwa miruko michache. Ukiirudisha nyuma kichakani, unapoteza zaidi ya ambacho ungepata kwa kununua mlingoti ghali. Ndiyo maana nasema pesa zisiende kwenye mita. Ziende kwenye waya mzuri, kamba zisizonyonya maji, na nauli ya kufika ufukoni.

Lakini ufuko upi? Wageni wote hukimbilia upande wa bahari kuu, wenye mawimbi na picha nzuri. Toa dira. Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako ndiko wanakokungoja wengi, ziko kaskazini na kaskazini-magharibi, yaani upande wa bara. Simamisha fimbo upande wa ndani wa kisiwa, unaotazama maji yaliyo kati ya kisiwa na bara. Hata mamia ya mita ya maji hayo mbele yako yanafanya kazi. Upande huo pia kisiwa kinakukinga na kusi. Upande wa nje uuhifadhi kwa ajili ya Australia na Asia, siku upepo ukikubali.

Maji yakipwa, bahari itaondoka na kukuacha na uwanja wa miamba na majani. Usiifuate. Mchanga uliolowa chumvi bado unasaidia, na fimbo iliyopandwa chini sana itakuwa mikononi mwa Mungu maji yakirudi. Ipande juu kidogo ya alama ya bamvua, ile mistari ya majani makavu, kisha nyosha waya mbili za mita 5 kutoka kitakoni kuelekea majini, zishikwe juu ya mchanga kwa vijiti vya kimo cha goti. Hizo ndizo nusu ya pili ya antena.

Dukani, kunjua yote palepale, hata muuzaji akinung'unika. Gonga kila kipande kwa kucha: sauti ya kizibo inaashiria ukuta mwembamba, sauti ya mbao ndiyo unayoitaka. Tazama kila kiungo kinabanana kwa sentimita ngapi. Chini ya upana wa vidole vitatu, acha. Fungua kifuniko cha chini, kiwe cha skrubu, ili uweze kuosha ndani. Na uliza kama ni kaboni, kisha pima hata akijibu.

Ufukweni, viungo vinavyoteleza vizungushie ukanda wa mpira wa baiskeli. Utepe wa umeme gundi yake huyeyuka kwa jua hilo na kukuachia fimbo yenye nata inayokusanya mchanga wa kisiwa kizima. Kamba tatu za kushikilia zifunge theluthi ya juu ya kipande cha tatu, si kileleni. Acha kilele kiyumbe, ndiyo kazi yake. Kiungo kikigoma kukunjika, gonga kitako wima juu ya ubao mara kadhaa. Usikisokote kwa hasira. Kabla ya kukunja, futa kila kipande kwa kitambaa kikavu. Maji matamu kule ni ya visima na ya mvua, usimwendee mama wa watu na ombi la ndoo ya kuoshea fimbo.

Na nunua mbili. Moja ni ya redio. Ya pili ni ya yule mwenzako atakayesema "lete nikuonyeshe inavyokunjwa," akaikunja.